Sahani ya Asiyekuwepo

Ulikuwa mwaka wa miguu ya kuku. Mchele ulipanda bei mpaka ukawa chakula cha harusi, mafuta yakaufuata, na sisi wa Point, mtaa wa bandarini Durban, tukawa tunaenda soko la Warwick kila Jumamosi kununua mfuko wa vichwa na miguu ya kuku, ile mboga wenyeji wanaiita woki-toki kwa sababu kichwa kinaongea na mguu unatembea. Ukimuuliza mtu wa kwetu aliyekuwa Durban wakati ule, hatakuambia elfu mbili na nane. Atakuambia, "Ule mwaka tulinyonya kucha." Ndio mwaka niliojuana na Mama Prezidante, na tulijuana kwa sababu alininyang'anya kisu.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba kila Jumapili baada ya ibada watu wetu wanapika pamoja kwenye ukumbi wa kanisa moja la zamani, karibu na zile nyumba kuukuu za bandari. Nikaenda. Nikaingia jikoni moja kwa moja, nikashika kisu, nisionekane nimekuja kula tu. Mwanamke mfupi, kiuno kipana, wigi jekundu limekaa upande kama kofia ya mlevi, akanitazama mikono.

"Koko, uko unakata kitunguu ao uko unapasua kuni?"

"Nilikata vitunguu kabla mama yako hajaota meno," nikamjibu. Mimi sikuzoea kuitwa bibi na mtu ambaye anaweza kuwa mdogo wangu kwa miaka michache tu.

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Alinitoa kisu mkononi polepole, akamgeukia dada mmoja aliyesimama mlangoni na macho mekundu, akampa. "Huyu ndiye iko na neno. Wewe, kata. Ukiwa unakata, sema."

Yule dada akakata, akasema. Alikuwa analia toka kwake, lakini sasa kitunguu kilimpa sababu ya heshima ya kulia. Alikuwa msusi wa nywele kando ya barabara, na msusi mwenzake alikuwa amemsogezea mwavuli mpaka wateja wakawa hawamwoni. Kabla kitunguu hakijaisha, tulikuwa tumeshajua pia kwamba yeye ndiye aliyeanza, kwa kumwambia mteja wa mwenzake kwamba misuko ile itamng'oa nywele. Hilo hakukusudia kulisema. Lilimtoka.

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya Mama Prezidante. Neno halikuingia ukumbini kabla halijapita jikoni. Mikono ikiwa na kazi, alisema, mdomo unasahau kujipamba.

Lazima niseme kwa nini tulihitaji jambo kama hilo. Sisi Wakongo na Warundi wa Durban hatukuwa na mahali pa kupeleka maneno yetu madogo. Ukienda polisi, wanaanza na karatasi zako kabla ya kilio chako. Ukimwendea mwenye nyumba, anakuona wewe ndiye shida. Chifu tulimwacha nyumbani, na wengine wetu tulimkimbia. Kwa hiyo maneno madogo yalikuwa yanalala chumbani na sisi, yananenepa, mpaka siku moja mtu anamwagia mwenzake maji ya moto. Mama Prezidante ndiye aliyesema inatosha. Hakuchaguliwa. Cheo chake cha kweli kilikuwa prezidante wa wamama wa kanisa, wale wa kupanga maua na kitenge cha sare, lakini alikivuta kile cheo kama mtu anavyovuta shuka fupi, mpaka kikafunika watu wote.

Jina lake sitalisema hapa. Hata dereva wa taksi wa Kizulu wa njia yetu alimwita Prezidante na kumwekea kiti cha mbele.

Alikuwa anauza samaki mkavu, sambaza na makayabu, kwenye meza karibu na stendi. Ile harufu alitembea nayo kama mume. Lakini Jumapili alijipulizia manukato juu yake, na hivyo ulipata samaki aliyekwenda harusini. Mawigi alikuwa nayo kadhaa, ila lile jekundu lilikuwa la hukumu. Ukumbi ukipata joto alilivua katikati ya shauri, akaliweka gotini, akawa analipapasa kama paka huku anasikiliza. Watu wageni walishindwa kusema kwa sababu ya kulitazama. Sisi wenyeji wa mambo tulikuwa tunangoja kitu kimoja tu: alivae tena. Akivaa wigi, neno limeiva. Hapo hata watoto walinyamaza.

Mimi nilikuja kuwa mtu wa jikoni. Sijisifu, ila sombe yangu, kisamvu cha kwetu, ilimaliza ugomvi mwingi kuliko wachungaji watatu. Maneno mengi tuliyazika palepale kwenye sufuria. Mtu anakuja amevimba, "Shemeji yangu alinipita njiani hakunisalimia." Prezidante anamwambia, "Bon. Twanga majani." Akimaliza kutwanga, mkono unauma, shemeji amesahaulika. Yale yaliyobaki na uhai ndiyo tuliyapeleka ukumbini, mbele ya watu wote, na pande zote mbili lazima ziwepo. Kama neno lilikuwa la mahali, yaani kiti, mlango, kamba ya kuanikia nguo, hakukata siku hiyo. Alituma watu wawili ambao si wa upande wowote waende kwa miguu yao watazame. Tuliwaita Miguu. Yule dada wa mwavuli, Miguu walienda, wakarudi wakasema, "Mama, mwavuli haumzibi. Kinachomziba ni nguzo ya robot." Taa ya barabarani! Ilikuwepo pale miaka yote. Wale wasusi wawili walitazamana kama watu walioamshwa. Wakahamisha viti vyote viwili pamoja, na mpaka leo wanachangia mwavuli mmoja.

Funguo za ukumbi zilishikwa na mzungu mmoja mzee, mchungaji mstaafu. Tulimwita Mzee wa Funguo. Kwao ni Uskoti, alihubiri Kenya miaka mingi kabla ya kuletwa Durban, na Kiswahili chake kilikuwa kama suti ya harusi: safi sana, na hakijavaliwa mara nyingi. Alikuwa anakaa nyuma kabisa, anasikiliza mashauri yetu na kutabasamu peke yake. Siku moja Prezidante akachoka na lile tabasamu.

"Mzee, tunakuchekesha?"

"Hasha, Mama Prezidante. Ninakumbuka kwetu. Miaka mia nne iliyopita Uskoti ilikuwa na bunge lake, nalo lilifanya kama mnavyofanya ninyi."

"Bunge ya kukata kitunguu?"

"Bunge la maombi." Akavuta kiti mpaka mlango wa jikoni, akaeleza. Alisema bunge lile lilikutana siku chache tu, na watu walileta vilio kutoka kila pembe ya nchi. Mji mdogo unalia kwamba mji jirani umejichukulia siku yake ya soko. Daraja limebebwa na mto, watu wanaomba ruhusa ya kutoza wapitao ili walijenge upya. Mjane analia kwamba jirani amekula mpaka wa shamba. Bunge zima lingesikiliza vipi yote hayo? Basi kikundi kidogo kilikaa pembeni, kikachekecha maombi, yaliyofaa ndiyo yakapelekwa mbele. Na pengine waliteua watu waende kwenye lile shamba au lile daraja, wakatazame kwa macho.

"Miguu," akasema Prezidante. "Miguu tunayo. Na hicho kikundi kidogo, nani alikuwa anakichagua?"

Mzee wa Funguo akakohoa. "Mara nyingi watu wa mfalme walijipenyeza humo."

Tukainamia sufuria, maana wote tuliokuwa tumeshika miiko siku ile tulikuwa wa ziwa moja, upande wa Kongo, upande wake yeye. Mama mmoja wa Burundi aliyekuwa anaosha sahani akasema bila kugeuka, "Eish! Kumbe mfalme iko hapa hapa, na wigi yake."

Prezidante alinuna mpaka watu wakaenda makwao. Lakini Jumapili iliyofuata nilikuta yule mama wa Burundi ndiye aliyeshika mwiko mkubwa, na mimi nimepewa kuosha sahani. Sikufurahi. Nilisema sikufurahi. Prezidante akaniambia, "Koko, nunua kwa mdomo, lipa kwa mikono," na mpaka leo sijajua maana yake, nadhani hata yeye hakujua.

Siku ileile ya Uskoti, kabla hajanuna, alikuwa amemuuliza mzee, "Na wanawake walikaa wapi?"

"Hawakukaa. Wajane walileta maombi yao, lakini viti vilikuwa vya wanaume."

"Basi ilikuwa nusu ya bunge."

Mzee akakubali kwa kichwa. Halafu akasema lile ambalo ndilo ninaloandikia yote haya. Alisema bunge lile lilipokuwa linafunga, baada ya kumpa huyu soko na yule daraja, lilipitisha sheria moja ya mwisho: kwamba yote yaliyotolewa katika kikao kile yasiharibu haki ya mtu mwingine ambaye hakusikilizwa.

Prezidante aliacha kukoroga. "Rudia."

Akarudia.

"Na ilisaidia?"

"Wakati mwingine. Wakati mwingine yalikuwa maneno tu, mwenye nguvu akala vilevile."

"Ni kwa sababu hawakuweka sahani," alisema Prezidante, akaendelea kukoroga.

Toka hapo kila kikao kilifungwa namna moja. Anasimama, anasema, "Tuliyoyakata leo yasile haki ya mtu ambaye hakusikiwa." Sisi wote tunajibu, "Yasile." Kisha kabla ya mtu yeyote kupakua, anachukua sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, anaweka bugali na mboga, anaifunika kwa mfuniko wa sufuria nyingine ambao haukuitosha, anaiweka dirishani. Sahani ya asiyekuwepo. Nimeona watu wazima wakikaa sawa kwa kuitazama tu. Unaweza kumsema vibaya mtu aliye mbali, lakini ni shida kumsema wakati chakula chake kinatoa moshi pale.

Sasa usifikiri alikuwa malaika. Ile sahani, siku moja nilipita kwake Jumatatu asubuhi nikamkuta anaimaliza.

"Prezidante! Sahani ya asiyekuwepo?"

"Hakuja," akasema, akalamba kidole.

Alifoka mtu akichelewa, na yeye mwenyewe hakuwahi kufika saa aliyoitangaza. Alituhubiria umbea ni moto wa majani makavu, halafu anakushika mkono pembeni, "Koko, niambie, ile mimba ni ya nani?" Na alikosea. Alikosea vibaya. Kulikuwa na familia mbili waliogawana chumba kimoja kwa pazia, wanagombania upande wenye dirisha. Akavaa wigi, akaamua wawe wanabadilishana, mwezi huu hawa, mwezi ujao wale. Siku ya kubadilishana wote wakatoa vitanda nje kwenye ngazi kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba akapita, akaona chumba kitupu na watu wamebeba magodoro, akadhani wamehama. Jioni chumba kikawa cha mtu wa tatu. Prezidante alivyoletewa habari ile alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akawalaza wale watu wote kwake, watoto kwa wakubwa, mpaka wakapata pengine. Alicheka kwanza, lakini. Hilo wengine hawakumsamehe.

Na kuna jambo moja juu yake ambalo sikuwahi kulifikia. Alikuwa na mdogo wake wa kike Lusaka, tumbo moja, na hawakuwa wanaongea. Yeye ambaye alipatanisha Durban nzima! Tulikuwa tunachambua sambaza, wawili tu, nikamuuliza mligombania nini.

"Yeye hayuko hapa," akasema. "Nikikuambia, utasikia upande mmoja. Na mimi naeleza vizuri, Koko. Utanipa haki."

Nikamwambia si kesi, ni maongezi tu. Akaendelea kutoa vichwa vya samaki. Miaka yote ile sikusikia hata neno moja baya juu ya yule mdogo wake, na ndivyo nilivyojua kwamba lilikuwa jambo kubwa.

Nakuja kwa langu.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa fundi simu, ana meza ndogo ndani ya duka la mtu kule mjini, na mikono yake ilikuwa mizuri, myembamba, ya baba yake. Mwaka wa Kombe la Dunia, mji mzima unapuliza vuvuzela na kula soseji barabarani, alipanda basi kwenda Musina, mpakani, kuchukua mzigo wa simu. Alinipigia njiani. "Mama, huku iko joto," akasema. "Nitakupigia." Basi. Hilo ndilo la mwisho. Tulimtafuta kwa polisi, hospitalini, kwa makanisa ya kule, kwa madereva wa mabasi. Hakuna aliyemwona amekufa, hakuna aliyemwona mzima. Ukipiga simu yake, mwanamke mmoja wa Kiingereza anasema mtu huyu hapatikani. Nilikuwa napiga ili nimsikie huyo mwanamke tu. Nilimwonea wivu. Ilikuwa kama yeye yuko karibu na mtoto wangu kuliko mimi.

Alikuwa ameacha mke na mtoto wa kike, mjukuu wangu, ambaye nikimtaja nitajaza karatasi bure, kwa hiyo nasema tu kwamba anasoma kwa Kiingereza, anaomba kwa Kiswahili, anatukana kwa Kizulu, na yote anayafanya vizuri.

Miaka ikapita kidogo, na Jumapili moja mkamwana wangu, huyo mke wa mtoto wangu, akasimama kwenye mlango wa jikoni. Mimi nimeshika mwiko. Nilidhani amekuja kunisaidia.

Prezidante akatutazama wote wawili. "Koko, weka mwiko chini. Leo wewe si wa jikoni. Leo wewe ni mwenye neno." Akatupa visu, tukakaa kuelekeana, beseni la vitunguu katikati.

"Mama," mkamwana akaniambia, hakuinua macho, "iko mwanaume mmoja. Fundi wa nguo. Mrundi. Anaheshimu mtoto."

Niliendelea kukata. Yeye pia.

"Wazee wa kanisa wanasema hawawezi kutufungisha ndoa. Mpaka isemwe mume wangu amekufa."

"Na wewe unataka isemwe?"

"Mimi nimechoka kulala kama mtu anayengoja taksi, Mama."

Vitunguu siku ile vilitosha harusi mbili. Hakuna aliyetuambia tuache.

Ukumbini wazee wa kanisa walikuwepo, na makoti yao. Mkamwana akaomba isemwe amekufa, ili yeye awe huru. Mimi nikaomba akatazwe, akae, angoje, mtoto asiondoke nyumbani kwangu. Nilisema kwa sauti kubwa. Prezidante alivua wigi, akalipapasa sana. Alipolivaa, nilisikia bahari, na ukumbi ule hauko karibu na bahari kiasi hicho.

"Wewe," akamwambia mkamwana, "uko hapa, nimekusikia kwa masikio yangu. Neno lako nalikata. Nenda. Hakuna mtu atakushika mguu, hata huyu mama mkwe wako. Mtoto atakula nyumba zote mbili, na nyumba zote mbili zisimuulize alikula nini kule."

Mzee mmoja wa kanisa akasimama. "Prezidante, hujamaliza. Mume. Sema amekufa, tuandike, ndoa iwe safi."

"Mke amechoka kungoja. Hilo ni neno la mke. Kama mume amekufa ao hakufa, hilo ni neno la mume. Msichanganye sufuria."

"Lakini lazima lisemwe!"

Alisimama, mfupi vile, akaivuta ile sahani ya bati kutoka dirishani, akaiweka mezani mbele ya wale wazee, mfuniko ukacheza. Akasema:

"Sikati neno la mtu ambaye hayupo."

Mimi nilisikia kama asali. Nilikuwa nimeshindwa, mke anaondoka, mtoto anagawanywa, lakini sikuona hayo. Nilisikia hilo tu. Mtoto wangu hakuzikwa. Nilienda nyumbani nimeinua shingo. Mkamwana alilia, kisha wakafunga ndoa kwingine, kwa mchungaji asiyeuliza sana, na yule fundi, nitasema ukweli, ni mtu mwema, alinishonea koti ambalo ninalo.

Ila asali ile ilikaa, ikakaa, ikachachuka. Nyinyi mliozika watu wenu hamjui. Mtu akifa kuna mkeka sebuleni, kuna uji wa watu, kuna kulia mpaka sauti inakatika, kuna siku ya kunyoa, siku ya kufagia, na siku moja unasikia njaa tena. Mimi sikupewa mkeka. Kila nguo ya kiume niliyoona mgongoni pa mtu barabarani ilikuwa yake. Niliendelea kununua kichane cha ndizi alizopenda, zinaoza, nanunua tena.

Halafu ukaja mwaka wa mkate wa bure. Wengine wanauita mwaka wa mahema. Wenyeji walitugeukia sisi wageni, maduka yetu yakavunjwa, tukakimbilia kiwanjani, na pale kiwanjani tulilala kwenye mahema meupe tukala mkate na supu ya kugawiwa kwenye vikombe vya karatasi. Sitaki kuyasema sana yale. Waliotufukuza walikuwa majirani, na waliotuletea mablanketi walikuwa majirani pia, wengine walewale.

Ilikuwa mchana, jua kali. Niliambiwa Prezidante anaondoka. Anakwenda Lusaka, kwa mdogo wake. Nikachukua nilichokuwa nacho, bugali kidogo na kabichi ambayo mama wa Burundi alipika kwenye jiko la mawe, nikatia kwenye ile sahani ya buluu. Yeye mwenyewe alikuwa ameiokoa kutoka Point. Vitu vyote aliacha, samaki, godoro, ila sahani aliileta chini ya kwapa, na mfuniko wake usiotosha.

Nilimkuta amekaa juu ya begi. Amefunga kitambaa kichwani. Nilishtuka kuona jinsi nywele zake zilivyokuwa nyeupe pembeni, kama za mtu mwingine.

"Unaenda kumsikia mdogo wako," nikasema.

"Naenda kumsikia. Akinipiga nitarudi."

"Hutarudi."

"Sitarudi," akakubali. Akatazama chakula, hakukigusa. "Koko, umekuja na neno. Sema. Hapa hakuna kitunguu, itabidi useme ukweli bure."

Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima. Nikamwambia, "Kabla hujapanda basi, nikalie baraza moja tu. Wewe na mimi. Sema mtoto wangu amekufa."

Akajiweka sawa juu ya begi.

"Nataka mkeka," nikasema. "Nataka kukaa chini, nilie, watu wanipikie uji, nimalize. Nimechoka, Prezidante. Sasa ni mimi ninayelala kama mtu anayengoja taksi."

Akaweka mkono gotini, ukawa unapapasa pale ambapo wigi hukaa. Hapakuwa na kitu, lakini mkono ulikuwa unapapasa. Nikaona na nikapata matumaini.

"Simu yake unapiga bado?"

"Namba wamempa mtu mwingine. Mwanaume wa Kizulu. Ananiambia, pole gogo, bibi kwa lugha yao, umekosea tena. Ananijua sasa." Nikamwonyesha simu yangu. "Mke amekata. Ofisi ya karatasi zetu imekata. Simu imekata. Kila mtu amemaliza naye. Umebaki wewe tu. Neno lako ndilo watu wetu watalipokea. Mimi nikisema peke yangu, watasema bibi amerukwa na akili. Kata, uende zako."

Watu walikuwa wanapita na ndoo za maji. Mtoto mmoja alikuwa anaburuta blanketi kwenye vumbi. Prezidante alinitazama muda mrefu, na macho yake yalikuwa yamejaa. Sikuwahi kuyaona hivyo hata siku aliyocheka ile kesi ya pazia. Nikamuona anainua mikono kichwani, kama anavaa. Anavaa lile wigi jekundu ambalo limebaki Point chini ya vioo vilivyovunjwa, analiweka sawa upande huu na upande ule, na mimi nikafumba macho ili nipokee.

"Sikati neno la mtu ambaye hayupo."

Nilimtukana. Nilimwambia ana roho ya samaki mkavu. Nikamwambia, "Na wewe kesho utakuwa mtu ambaye hayupo! Tutakukata tunavyotaka! Tutasema ulikula sahani!"

"Semeni, nilikula," akasema. "Lakini kila Jumapili niliijaza tena."

Akauchukua ule mfuniko, akafunika bugali na kabichi, vyote, hakuonja hata tonge, akanisukumia sahani mapajani. Ilikuwa bado ya moto. Niliisikia kupitia kikwembe nilichojifunga. Kule mbele mtu akaita majina ya wasafiri wa basi, Prezidante akasimama, akainua begi lake mwenyewe, akakataa nisilishike. Nilimfuata. Nilikuwa nimeikumbatia sahani kama mjinga, nafuata mwanamke mfupi kati ya mahema. Pale kwenye ngazi ya basi nikamshika mkono wa nguo.

"Mama," nikamwita. Sikuwahi kumwita Mama bila cheo chake. "Mama, tafadhali. Hata kwa kunidanganya."

Aligeuka. Akanifuta uso kwa kiganja, na kile kiganja kilikuwa kinanuka sambaza hata baada ya yote yale, na ningetoa chochote nilichonacho leo nikisikie tena.

"Sikati neno la mtu ambaye hayupo."